Mtutu wa Pili: Wawindaji wa Tembo na Uchaguzi wa Bunduki ya Mitutu Miwili, 1861–1914

1. Utangulizi

Bunduki imetajwa mara nyingi katika historia ya Afrika ya Kati na ya Mashariki, lakini zaidi kama chombo cha vita na cha biashara ya watumwa. Bunduki ya windo, hasa ile nzito yenye mitutu miwili iliyotumiwa kwa tembo, kifaru na nyati, haikupata wachunguzi wengi. Walioieleza ni wawindaji wenyewe katika vitabu vya kumbukumbu zao, na mafundi walioiuza katika orodha zao za bei. Wawindaji waliusifu ushujaa, mafundi waliusifu ufundi. Swali lililo kati ya hayo mawili halikuulizwa sana: mtu aliyeingia katika kazi ya kuwinda tembo, alipotoa fedha zake kununua bunduki yake ya kwanza ya mitutu miwili, alikuwa akinunua nini hasa?

Makala hii yajaribu kuonyesha kwamba alikuwa akinunua kinga dhidi ya kosa. Mtutu wa kwanza ni wa shabaha. Mtutu wa pili ni wa siku ambayo shabaha imekosea, fataki imekataa kuwaka, au mnyama amekuja kutoka upande usiotazamiwa. Kila mwindaji wa tembo, awe mwenyeji ama mgeni, alilazimika kutafuta jawabu la jambo hilo. Majawabu yalitofautiana kwa sababu ya utajiri, ya sheria na ya elimu. Na katika kila jawabu alikuwamo mtu mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa katika orodha ya bei.

2. Chombo na maneno yake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kuyatazama maneno, kwa maana Kiswahili, lugha ya misafara iliyotoka pwani hadi Maniema na Katanga, kimehifadhi ngazi za chombo hiki vizuri kuliko vitabu vingi. Neno «bunduki» latokana na Kiarabu, ambamo «bunduq» lilikuwa jina la tunda dogo la mviringo, kisha la kidonge cha kurusha, na mwishoni la silaha yenyewe. Wenyeji wa pwani waliligawa jina hilo kwa kufuata namna ya kuwasha baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaowaka. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki ilikuwa na kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Na bunduki ya viasi ilifunguliwa nyuma, ikatiwa kiasi kizima chenye baruti, fataki na risasi pamoja. Zile zilizojazwa kwa mdomo, kwa kushindilia na mdeki, ziliitwa magobori.

Hesabu ya mitutu ilifanywa kwa mdomo: bunduki ya midomo miwili. Lugha haikuona bunduki mbili zilizounganishwa, iliona kiumbe kimoja chenye vinywa viwili. Fundi wa London angeweza kubisha hapo, kama itakavyoonekana mbele.

Neno «risasi» nalo lina mafunzo yake. Katika Kiarabu ni jina la madini, na Kiswahili kimelitumia kwa madini na kwa kitu kinachorushwa pia. Katika Kiswahili cha Kongo, kama katika Kilingala, watu husema «lisasi» kwa moja na «masasi» kwa nyingi: silabi ya kwanza ya neno la kigeni ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi wake ukaundwa kwa kanuni za Kibantu. Neno geni lilikwisha kuwa mwenyeji. Madini hayo ndiyo yaliyowapa Waingereza kipimo cha bunduki zao za zamani. Waliuliza: ratili moja ya risasi yatoa vidonge vingapi vya mviringo vyenye upana wa mtutu huu? Vikitoka vinne, bunduki iliitwa ya nne, na kila kidonge kilikuwa na uzito wa gramu 113 hivi. Vikitoka kumi, iliitwa ya kumi, na kidonge kilikuwa na gramu 45. Kwa hiyo namba ndogo ilimaanisha bunduki kubwa, jambo ambalo huwapotosha wasomaji wengi wa vitabu vya karne ya 19.

3. Mwenzi kabla ya mtutu

Uwindaji wa tembo haukuanzishwa na bunduki. Watu wa bara waliwinda kwa mikuki, kwa mashimo na kwa mishale yenye sumu, na baadhi yao waliunda vyama vyenye miiko na dawa zake. Katika Katanga jambo hilo lina kumbukumbu ya pekee. Jina la Wayeke, watu waliokuja kutoka Unyamwezi na Usumbwa katikati ya karne ya 19 na kuanzisha utawala wa Msiri huko Bunkeya, hufungamanishwa na jina la chama cha wawindaji wa tembo cha kwao. Utawala huo ulijengwa juu ya shaba na pembe za ndovu, na vitu hivyo vilibadilishwa kwa bunduki na baruti zilizotoka pande zote mbili, pwani ya mashariki na pwani ya magharibi, mpaka Msiri alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Bunduki iliyofika kwa njia hiyo ilikuwa gobori. Ilitoa mlio mmoja, kisha ilimtaka mwenyewe asimame, amimine baruti, ashindilie, atie risasi, aweke fataki ama atengeneze jiwe. Mbele ya tembo aliyejeruhiwa hakuna nafasi ya kazi hiyo. Mwindaji wa gobori hakuweza basi kwenda peke yake. Walikwenda wengi, wakapiga kwa pamoja ama kwa zamu, na yule ambaye bunduki yake imekwisha kulia aliutegemea mlio wa mwenzake. Kwa maneno mengine, mtutu wake wa pili ulikuwa begani mwa mtu mwingine. Jawabu hilo lilikuwa rahisi kwa fedha na ghali kwa watu, lakini lilikuwa na faida moja kubwa: kila mmoja alijua kwamba uhai wake uko mikononi mwa nani.

4. Uzito wa risasi: Baker na Selous

Wawindaji wa Kiingereza wa kizazi cha kwanza walilitafuta jawabu katika uzito. Samuel Baker, aliyesafiri katika nchi za Nili kuanzia mwaka 1861 na kufika kwenye ziwa alilolipa jina la Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki moja ya mtutu mmoja iliyotengenezwa na Holland, yenye kurusha kombora la nusu ratili. Watumishi wake Waarabu waliiita mtoto wa mzinga. Nguvu zake zilikuwa za kutisha kwa pande zote mbili, maana ilimzungusha mpigaji wake, naye alikiri kwamba hakuipenda. Kwa kazi ya kila siku alitegemea jozi ya bunduki za mitutu miwili, za kumi, zilizofanywa na Reilly wa London. Jozi maana yake milio minne: miwili mkononi mwake, na miwili mkononi mwa mtu aliyesimama nyuma yake.

Frederick Courteney Selous alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19. Muda mfupi baada ya kufika, bunduki yake nzuri ya mitutu miwili iliibiwa. Kwa kukosa fedha alinunua magobori mawili ya mtutu laini, ya nne, kazi ya Hollis wa Birmingham, kwa pauni 6 kila moja. Kwa silaha hizo za bei ya chini aliua tembo 78 katika misimu mitatu. Hesabu hiyo yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba bunduki ghali haikuwa na maana. Selous mwenyewe hakufikiri hivyo. Pigo la bunduki hizo begani lilimharibia utulivu wake wa kulenga kwa muda mrefu, na alijuta kwamba aliwahi kuzishika.

Ajali moja aliyoisimulia yaonyesha udhaifu wa gobori kuliko hoja yoyote. Bunduki yake ilikataa kuwaka. Mchukuzi wake, akidhani kwamba imekwisha kulia, aliishindilia mara ya pili juu ya shehena ya kwanza. Ilipolia ilimtupa Selous chini na kumjeruhi, nayo yenyewe ikavunjika. Kosa lile haliwezi kuitwa la mchukuzi peke yake. Mtutu uliojazwa kwa mdomo hauonyeshi kilichomo ndani, na katika kelele za windo mtu hukisia tu. Bunduki ya viasi iliyovunjika katikati kwa bawaba iliondoa fumbo hilo: aliyeifungua aliona kwa macho kama mitutu ni mitupu ama imejaa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyoifanya bunduki ya mitutu miwili yenye viasi ishinde magobori yote, kabla hata ya habari ya nguvu.

5. Mwaka 1898

Baruti nyeusi ilikuwa na kasoro nyingine, moshi. Baada ya mlio wa kwanza mpigaji hakuona kitu, na mtutu wa pili ulikuwa ukingojea wingu litawanyike. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa na Paul Vieille huko Ufaransa mwaka 1884, na Uingereza ilipata namna yake, iliyoitwa cordite, mwaka 1889. Nguvu zake zilikuwa kubwa hivi kwamba risasi ndogo na ndefu, iliyovishwa chuma kigumu, iliweza kupenya fuvu la tembo kuliko kidonge kikubwa cha zamani.

Mwaka 1898 nyumba ya John Rigby ya London ilitoa kiasi cha .450 Nitro Express, yaani cha risasi yenye upana wa karibu sehemu 450 za inchi iliyogawanywa kwa elfu. Risasi yake ilikuwa na gramu 31 na ilitoka mdomoni kwa mwendo wa meta 655 hivi kwa sekunde. Bunduki ya kuirusha ilikuwa na uzito wa kilo 5 hivi. Mtu wa kawaida aliweza kuibeba mchana kutwa. Ndipo mtutu wa pili ulipopata maana yake kamili: hakuna moshi, hakuna kushindilia, na kidole kinahama kutoka kifyatulio cha mbele kwenda cha nyuma kwa kufumba na kufumbua.

Mwaka uleule kilitoka kitabu cha Arthur Neumann, mwindaji wa pembe aliyesafiri na wapagazi wa Mombasa hadi kwenye ziwa liitwalo leo Turkana. Mwanzoni mwa mwaka 1896, karibu na ziwa hilo, tembo jike alimshambulia, na bunduki yake ya kijeshi ya Lee-Metford, ya komeo la kuvutwa kwa mkono, haikulia. Tembo alimchoma kwa pembe na kumponda kifua. Alilala majuma mengi akiuguzwa na watu wa msafara wake. Kila mwindaji aliyesoma habari hiyo aliielewa vizuri: bunduki ya komeo ina viasi vingi lakini njia moja tu ya kuvipitisha, na njia ikiziba, vyote vimekuwa bure.

6. Mambo aliyoyapima mnunuzi

Mnunuzi wa bunduki ya kwanza, kati ya mwaka 1898 na vita vya 1914, alikutana na maswali yanayofuata.

La kwanza ni mitambo. Bunduki bora ya mitutu miwili ilikuwa na mitambo miwili isiyotegemeana: vifyatulio viwili, nyundo mbili, springi mbili. Ukivunjika mmoja, wa pili wafanya kazi. Ndiyo maana mafundi walisema kwamba ni bunduki mbili juu ya kitako kimoja, kinyume cha lugha yetu iliyohesabu midomo. Nyumba ya Westley Richards, ambayo mafundi wake Anson na Deeley walibuni mwaka 1875 mtambo uliofichwa ndani ya mwili wa bunduki, iliongeza mwaka 1897 mitambo inayotolewa kwa mkono bila chombo. Mwindaji aliye mbali na fundi kwa mwendo wa miezi aliweza kubeba mitambo ya akiba mfukoni.

La pili ni ulinganifu wa mitutu. Mitutu miwili iliyolazwa sambamba haipigi mahali pamoja. Msukumo wa mlio huutupa mmoja kulia na mwingine kushoto. Fundi alilehemu mitutu ikielekeana kidogo, akapiga shabaha, akayeyusha lehemu, akasogeza kabari iliyo kati ya midomo, akapiga tena, mpaka risasi zote mbili zikaangukia mahali pamoja. Kazi hiyo ndiyo iliyoongeza bei, na ilifanywa kwa kiasi cha namna moja tu. Aliyebadilisha baruti ama uzito wa risasi aliuharibu ulinganifu wote. Joto lenyewe lilitia fitina, kwa kuwa cordite huwaka kwa nguvu zaidi katika nchi za jua kali. Kwa sababu hiyo vilitengenezwa viasi vyenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi hizo. Mnunuzi mwangalifu aliuliza bunduki hii ililinganishwa kwa kiasi gani kabla ya kuuliza uzuri wa mti wa kitako chake.

La tatu ni uzito na kipimo cha mwili. Bunduki ya .577 ilirusha risasi ya gramu 48 na kufikia kilo 6, ile ya.600, iliyotolewa na Jeffery, ilirusha risasi ya gramu 58 na kupita kilo 7. Nguvu zao hazikuwa na shaka. Lakini bunduki nzito mno huishia mikononi mwa mchukuzi, na mlio unaohitajiwa ghafula haupatikani kutoka mikononi mwa mtu aliye hatua kumi nyuma. Kitako kisicholingana na urefu wa mkono nacho kilimfanya mpigaji alenge juu ama pembeni. Bunduki iliyokatwa kwa kipimo cha mnunuzi iliinuka begani na kulenga yenyewe, na hilo lilimfaa mwanafunzi wa kazi kuliko kuongezewa nguvu.

La nne ni bei. Bunduki ya mitutu miwili ya London iligharimu mara kadhaa zaidi ya bunduki ya komeo yenye mtambo wa Mauser. Mwindaji aliyeanza bila mali alilazimika kukopa juu ya pembe ambazo bado zilikuwa zikitembea porini. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, hakuwa na taabu hiyo. Bunduki yake ya Holland & Holland ya .500/450, aliyokuja nayo Afrika ya Mashariki mwaka 1909, ilikuwa zawadi ya marafiki wa Kiingereza.

7. Sheria nayo ilichagua

Orodha hiyo ya maswali yaweza kufanya uchaguzi uonekane kuwa wa mtu binafsi. Kwa kweli sehemu kubwa ya uchaguzi ilikwisha kufanywa na serikali. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Dola Huru ya Kongo iliutia sahihi, ulizuia kuingiza silaha zenye mifereji ndani ya mtutu na zile za viasi katika eneo kubwa la Afrika, kati ya mstari wa 20 kaskazini na wa 22 kusini. Zilizoruhusiwa kuuzwa kwa raia ni bunduki za jiwe za mtutu laini na baruti ya kawaida. Vibali vya silaha bora vilikuwa mikononi mwa watawala, nao waliwapa hasa Wazungu. Ilitangazwa kwamba shabaha ya mkataba ni kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake porini yalikuwa kwamba mwindaji mwenyeji alibakizwa kwa amri katika gumegume, wakati mgeni aliyesimama mbele ya tembo yuleyule alikuwa akilinganisha mitambo ya Rigby na ya Westley Richards. Ukosefu wa mtutu wa pili haukutokana na ujinga wa mwenyeji.

Sheria iliwagusa wageni pia. Mnamo mwaka 1907 hivi, serikali ya Kiingereza ilizuia bunduki na viasi vya .450 katika India na Sudan, kwa hofu kwamba vitawafaa waasi waliokuwa na bunduki za kijeshi za Martini-Henry zenye upana huohuo. Mafundi walitafuta namba za jirani: Holland & Holland walitoa .465, na .470 ya Joseph Lang ilienea kuliko zote. Nguvu za viasi hivyo hazikutofautiana sana na zile za .450. Namba nyingi zinazowachanganya wasomaji, ambazo wawindaji walibishania usiku kucha kana kwamba ni madhehebu, zilizaliwa na katazo la forodha.

8. Lado: mashindano ya majawabu mawili

Mahali palipoyakutanisha majawabu yote ni Lado, kipande cha nchi kwenye ukingo wa magharibi wa Nili ya juu, ambacho Uingereza ilimkodisha Leopold II kwa mapatano ya Mei 1894. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na mwaka 1910 nchi hiyo ikarudishwa kwa Sudan. Katika miaka hiyo ya mwisho, na hasa katika miezi ya makabidhiano, usimamizi ulilegea, na wawindaji wa pembe waliingia kutoka Uganda kwa makundi. Tembo wa Lado walilipa gharama ya pengo hilo la sheria.

Miongoni mwa wawindaji hao alikuwamo Walter Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kazi yake ya kwanza katika Karamoja. Bell alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .450/400, aliijua na kuitumia. Hata hivyo tembo wengi kati ya 1,011 aliowaua maishani mwake waliangushwa kwa bunduki nyepesi ya komeo ya .275, ambayo risasi yake ilikuwa na gramu 11 tu. Bell alipasua vichwa vya tembo ili ajue ubongo ulipo, akajifunza kuulenga kutoka kila upande. Hoja yake ilikuwa kwamba risasi ndogo ikifika mahali pake yaua, na risasi kubwa ikikosa mahali pake haifai kitu.

Kwa upande mwingine alisimama James Sutherland, aliyewinda katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na baadaye katika nchi za mpaka wa Kongo na Sudan mpaka kifo chake mwaka 1932. Katika kitabu chake cha mwaka 1912 aliitetea bunduki ya mitutu miwili ya .577 ya Westley Richards, ambayo risasi yake ni zaidi ya mara nne ya ile ya Bell. Kwake yeye, katika vichaka vizito ambamo tembo huonekana kwa hatua chache, mwindaji hapewi nafasi ya kuchagua mahali pa kupiga. Risasi nzito humtikisa mnyama hata isipofika penye ubongo, na kishindo hicho hununua nafasi ya mlio wa pili.

Mabishano hayo yameendelea kwa miaka mingi kana kwamba mmoja lazima awe mwongo. Lakini wote wawili walikuwa wakijibu swali lilelile. Bell alijikinga na kosa kwa elimu ya mwili wa tembo, kwa mkono mtulivu na kwa nchi ya wazi. Sutherland alijikinga kwa chuma. Elimu ya Bell haikuuzwa dukani, na ilipatikana kwa mamia ya wanyama. Kwa hiyo mwanafunzi wa kazi hakuweza kuanzia alipoishia Bell. Akinunua bunduki yake ya kwanza, alikuwa akinunua badala ya elimu aliyokuwa bado hana. Hapo ushauri wa Sutherland ulimfaa zaidi, na pengine ndiyo sababu mafundi wa London waliendelea kupata wateja hata baada ya hesabu za Bell kujulikana.

9. Mchukuzi wa bunduki

Mtutu wa pili nao una mwisho. Mwaka 1909, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Roosevelt alimwangusha tembo wake kwa mlio wa pili wa bunduki yake ya zawadi. Papo hapo tembo dume mwingine alichomoka vichakani karibu naye kiasi cha kumgusa kwa mkonga. Mitutu yote miwili ilikuwa mitupu. Roosevelt alirukia nyuma ya mti akiifungua bunduki yake, na aliyepiga na kumrudisha mnyama alikuwa mwenzake, R. J. Cuninghame. Chuma bora kuliko chote cha wakati ule kilimrudisha mtu mahali alipokuwa mwindaji wa gobori: kuutegemea mlio wa mwenziwe.

Cuninghame alitajwa kwa jina kitabuni. Nyuma ya wawindaji wengi, hata hivyo, alisimama mtu aliyetajwa kwa kazi yake tu, mchukuzi wa bunduki. Huyo alibeba bunduki ya pili, alitoa maganda na kutia viasi kwa mikono isiyotetemeka, na katika misafara mingi aliongea Kiswahili. Mara nyingi ndiye aliyesoma nyayo na kujua upepo. Yeye alisimama mbele ya tembo na silaha iliyojaa ambayo kwa desturi hakuruhusiwa kuipiga kabla ya bwana wake. Kosa la mwindaji lilimfikia kama lilivyomfikia mwindaji mwenyewe, na hakuwa ameshiriki katika kuchagua namba, mtambo wala kiasi. Vitabu vya wawindaji vimeeleza kwa kirefu hoja za .450 na .577; kuhusu mshahara wa mtu huyu, vimesema machache mno.

10. Kumalizia

Kutokana na yaliyoelezwa, bunduki ya mitutu miwili haiwezi kufahamika kwa hesabu za nguvu peke yake. Ilichaguliwa kwa sababu ya kosa linalotarajiwa: moshi uliomficha mnyama kwa Baker, shehena mbili katika gobori la Selous, komeo lililokataa kwa Neumann. Mnunuzi mwenye busara aliiangalia mitambo isiyotegemeana, ulinganifu wa mitutu, kiasi kinachopatikana na kisichokatazwa, na kipimo cha mwili wake. Ukubwa wa namba ulikuja mwisho.

Lakini uchaguzi huo ulifanyika ndani ya nchi ambamo wengi walikatazwa kuchagua. Mkataba wa 1890 ulimpa mmoja midomo miwili na kumwachia mwingine mmoja, kisha vitabu vikaandika tofauti hiyo kama tofauti ya ushujaa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na nyumba za Rigby, Holland & Holland na Westley Richards zingali zikitengeneza bunduki hizo kwa matajiri wachache. Kwa mchunguzi wa Kiswahili kazi iliyobaki iko katika maneno. Mrao, gumegume, fataki, kiasi, mdeki: kila moja lilitamkwa na mtu aliyeishika silaha hiyo mkononi, akaisafisha, akaijaza, akamkabidhi mwingine aipige. Wazee wanaoyajua maneno hayo na namna yalivyotumiwa katika Maniema, Katanga na Uele wanazidi kupungua, na pamoja nao inapungua kumbukumbu ya watu waliokuwa mtutu wa pili wa kila msafara.